Boti Yako Inakunywa Lita Ngapi? Kupima Mafuta Bila Kubahatisha

Boti ya HP 40 (nguvu farasi 40) inakula lita ngapi mpaka Hifadhi ya Gombe? Nikivuta tyubu ya watoto pale ufukwe wa Jakobsen mchana mzima, dumu moja litatosha? Mbona geji inasema nusu na injini imezima?

Maswali haya yananifikia karibu kila mwezi, hasa kutoka kwa watu walionunua boti ya fiba ya kupeleka wageni matembezini na kuvuta watu juu ya maji siku za mapumziko. Jibu la haraka halipo. Boti mbili zenye injini moja, zilizofungwa gati moja pale Kigoma, Ziwa Tanganyika, zinaweza kutofautiana sana kwa sababu ya propela, mzigo, uchafu wa chini na mkono wa nahodha. Namba ya boti yako unaitafuta mwenyewe, na ukifuata hatua hizi utaipata ndani ya mwezi mmoja bila kununua kifaa cha bei kubwa.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: hesabu mafuta uliyomimina, achana na yale unayodhani yamebaki. Yaliyobaki unayaona kwa geji, na geji ya boti ni shahidi anayesema kila kitu kwa kukisia. Ndani ya tangi kuna boya dogo linalopanda na kushuka. Pua ya boti ikiinuka mafuta yanakimbilia nyuma, boya linafuata, na sindano inakwambia habari za mwinuko wa boti badala ya habari za mafuta. Tangi nalo ni nadra kuwa na umbo la boksi. Mengi ni mapana juu na membamba chini kufuata tumbo la boti, kwa hiyo "nusu" ya geji huwa si nusu ya lita.

Mimi mwenyewe niliwahi kuamini sindano. Ilikuwa jioni natoka Gombe na wageni wanne, robo inaonekana wazi, na injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza tukiwa bado hatujaifikia Kibirizi. Tulivutwa na wavuvi wa dagaa waliokuwa wanatoka kwenda kazini. Walicheka sana, nikawalipa lita kumi kesho yake.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Daftari gumu na penseli. Kalamu ya wino ikilowa inafuta kazi ya mwezi mzima. Simu iwe akiba tu, maana simu huanguka majini.

Chombo cha kupimia chenye alama za lita, cha lita 5 au 10, kilichotengenezwa kwa mafuta. Usitumie dumu lililokuwa na mawese hata kama umeliosha kwa sabuni mara tatu. Petroli huyeyusha yale mabaki na kuyapeleka kwenye kabureta.

Kijiti cha kupimia tangi, cha mwanzi au mti mkavu uliolainishwa, kirefu kufika sakafu ya tangi. Hiki ni kwa tangi ambalo mdomo wake unaelekea chini moja kwa moja.

Njia ya kuhesabu saa za injini. Kama boti haina mita ya saa, kuna zile ndogo za betri ambazo waya wake unazungushiwa waya wa plagi. Zinahesabu injini ikiwaka tu. Mita inayotegemea swichi ya ufunguo itaendelea kuhesabu hata ukiisahau swichi wazi wakati mnakula samaki ufukweni.

GPS, hata ya simu, ya kukuonyesha kilomita ulizopita na mwendo. Angalia imewekwa kilomita au maili za baharini. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, na aliyechanganya hizo mbili atajikuta boti yake ni ya ajabu kuliko zote ziwani.

Kitambaa kikavu, faneli yenye chujio, na kizimamoto kilicho hai.

Onyo moja kabla ya yote. Petroli haina mzaha. Matangi ya kubeba yashushe ufukweni ndipo uyajaze. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa na kujikusanya sakafuni mwa boti ukisubiri cheche. Usijaze karibu na mitumbwi inayowasha taa za karabai jioni. Usinyonye mpira kwa mdomo. Na usimwage: kuna watu wanachota maji ya kupikia hatua hamsini kutoka hapo ulipo.

HATUA ZENYEWE

1. Hakiki chombo chako cha kupimia.

Dumu linaloitwa la lita 20 likijazwa mpaka shingoni hubeba zaidi ya 20. Hapo ndipo makosa mengi ya Kigoma yanapozaliwa, kwa sababu boti zetu chache sana husogea mpaka kwenye pampu. Mafuta hupanda bodaboda au bajaji kutoka sheli mpaka majini. Ukiandika "madumu mawili, lita 40" na ukweli ni 43, umeshakosea kwa zaidi ya asilimia 7 kabla injini haijawaka.

Nenda sheli ambayo pampu yake ina stika ya Wakala wa Vipimo, na uwaulize utaratibu wao wa kuuza kwenye vyombo. Waambie wakuwekee lita 20 kamili kwa kusoma pampu, kisha weka dumu mahali palipo sawa na uchore mstari pale mafuta yalipoishia. Huo ndio mstari wako wa 20. Kila dumu lichorewe lake, na risiti za pampu ubandike daftarini.

2. Chagua alama yako ya "kujaa" na usiibadilishe tena.

Kwa tangi la kubeba ni rahisi: liweke kwenye ubao ulio sawa, jaza mpaka alama fulani chini ya shingo, funga. Tangi lililojengwa ndani ya boti linataka nidhamu zaidi. Boti iwe majini, imefungwa palepale, haina abiria, nanga na mizigo viko mahali pake pa kawaida, injini imeshushwa. Jaza taratibu mpaka mafuta yaonekane chini ya shingo, subiri dakika moja mapovu yatulie na hewa itoke, ongeza kidogo mpaka alama, acha hapo.

Usijaze mpaka mdomoni. Petroli hutanuka kama asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto. Tangi la lita 100 lililojazwa kwa mafuta ya asubuhi ya baridi, likikaa juani hadi saa nane, litakutapikia lita moja kwenye ziwa kupitia tundu la hewa. Hiyo lita utaihesabu kama imeliwa na injini.

3. Tia kijiti alama.

Hatua hii unaifanya mara moja tu maishani mwa tangi. Anza na tangi tupu. Mimina lita 5 zilizopimwa, tumbukiza kijiti wima mpaka kiguse chini, kitoe, weka alama pale palipolowa kwa kisu. Rangi na wino vitafutika kwenye petroli. Endelea lita 5 kwa lita 5 mpaka kujaa. Utashangaa kuona alama za chini zimeachana na za juu zimebanana, au kinyume chake. Huo ndio umbo la tangi lako, na ndiyo sababu geji inakudanganya.

Wengine hupenda kuruka hatua hii kwa kuwa inachosha. Mimi naiona ina thamani kuliko kifaa chochote cha skrini. Kijiti hakihitaji betri.

4. Jaza mpaka alama na uandike sifuri.

Fungua ukurasa mpya. Andika tarehe, mita ya saa, na maneno "tangi limejaa". Mjazo huu wa kwanza hauingii kwenye hesabu, maana hujui tangi lilikuwa na nini. Watu wengi huuingiza, wanapata namba ya kutisha, wanakata tamaa.

Kama injini yako ni ile ya kuchanganya petroli na oili, amua sasa kama utahesabu petroli tupu au mchanganyiko, na uandike juu ya ukurasa. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 50 za petroli zinachukua lita 1 ya oili na kuwa lita 51. Ni asilimia 2 tu, lakini asilimia 2 ya leo ukiitia na 7 za dumu unaanza kumshuku nahodha wako bure.

5. Tembea, lakini kazi ya aina moja tu.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo boti za kuvutia watu zinapotofautiana na za abiria.

Boti ya safari hufanya kazi moja: inatoka Kigoma, inashika mwendo, inafika. Boti inayovuta mtu wa kuteleza au tyubu inaishi maisha ya vipande vipande. Inakaa sailensa (injini inawaka, boti haiendi) mtu akivaa jaketi. Inapigwa resi mpaka mwisho kumtoa majini. Inapunguza. Anaanguka. Inazunguka kumfuata polepole. Inasubiri tena. Ukichanganya siku hiyo na safari ya Gombe kwenye mjazo mmoja, utapata wastani usiofanana na kazi yoyote kati ya hizo mbili, na hautakusaidia kupanga chochote.

Kwa hiyo: mjazo wa safari uwe wa safari. Ukimaliza, jaza tena kabla ya kwenda kuvuta watu. Siku ya kuvuta nayo iwe na mjazo wake.

Kwa kila mjazo andika: idadi ya watu waliomo, mizigo mikubwa, hali ya ziwa kwa neno moja (shwari, mawimbi, mawimbi makubwa), na mwendo wa kawaida ulioshika. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma ziwa hili vibaya. Mtu aliyepima Machi na kuja kulinganisha na Julai bila kuandika hali ya ziwa atadhani injini imechakaa.

Asiandike anayeendesha. Asiandike pia anayemtazama mtu anayevutwa. Huyo macho yake yabaki kwenye kamba. Andikeni mkiwa mmesimama.

6. Rudi, jaza tena mpaka alama ileile, andika lita.

Mahali palepale, boti ikiwa tupu, kwa vyombo vilevile. Lita ulizomimina sasa ndizo zilizoliwa, ndiyo siri yote ya kazi hii. Andika pia mita ya saa na kilomita za GPS.

Tahadhari mbili za saa. Kwanza, mita ikisoma 2.4 maana yake ni saa 2 na dakika 24, siyo saa 2 na dakika 40. Kosa hili nimelikuta kwenye madaftari ya watu wazima wenye akili timamu. Pili, amueni mnaandika saa ya aina gani. Nahodha anaandika "tumetoka saa 2" akimaanisha asubuhi ya Kiswahili, kijana mwenye simu anaandika "tumerudi 11:00", na jioni mwenye boti anapiga hesabu ya saa 9 za injini. Safari ilikuwa ya saa tatu.

7. Piga hesabu mbili, siyo moja.

Lita gawanya kwa saa, na lita gawanya kwa kilomita. Tazama mfano huu wa boti moja ya HP 40 yenye injini ya kuchanganya oili. Namba ni za kufundishia, usizichukue ziwe zako:

Mjazo wa kwanza wa safari: lita 31.5, saa 2.4, kilomita 62. Hiyo ni lita 13.1 kwa saa, na lita 0.51 kwa kilomita.

Mjazo wa pili wa safari: lita 46, saa 3.6, kilomita 84. Lita 12.8 kwa saa, lita 0.55 kwa kilomita.

Siku ya kuvuta tyubu: lita 22.4, saa 2.1, kilomita 19. Lita 10.7 kwa saa, lita 1.18 kwa kilomita.

Umeiona? Ukitazama saa peke yake, kuvuta kunaonekana kwa bei rahisi, kwa sababu muda mwingi injini ilikuwa sailensa. Ukitazama kilomita, kila moja imekula zaidi ya mara mbili ya safari. Kwa kuvuta, panga na ulipishe kwa saa. Kwa safari, panga kwa kilomita. Niliwahi kumwona jamaa anayelipisha wageni wa tyubu kwa "mizunguko"; alikuwa anafanya kazi ya hisani bila kujua.

Wastani usiuchukue kwa kujumlisha majibu na kugawanya. Jumlisha lita zote, jumlisha kilomita zote, kisha gawanya. Hapo juu: lita 77.5 kwa kilomita 146 ni 0.53.

8. Rudia mpaka namba zitulie.

Mjazo mmoja ni uvumi. Mitatu ni fununu nzuri. Mitano ya kazi ileile ikikaa karibu karibu, umepata namba ya boti yako. Mjazo mdogo, kama lita 6 au 7, usiutie maanani sana: kosa la nusu lita kwenye alama ya tangi ni karibu asilimia 8 ya lita 6, lakini ni asilimia 1 tu ya lita 50.

9. Tafuta mwendo unaolipa.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, tafuta asubuhi moja tulivu, kabla upepo haujaamka. Unganisha injini na tangi dogo la kubeba, jaza mpaka alama. Endesha kwa resi moja isiyobadilika dakika kumi kwenda na dakika kumi kurudi njia ileile, ili upepo na mkondo vijifute. Rudi ufukweni, jaza kwa chombo chenye alama za nusu lita, andika lita na kilomita. Fanya hivyo kwa resi tatu au nne tofauti.

Boti nyingi za aina hii zina mwendo mmoja mbaya sana: ule ambao pua imeinuka, nyuma imezama, na boti inasukuma maji badala ya kupanda juu yake. Chini ya hapo unakwenda polepole lakini kwa mafuta kidogo. Juu ya hapo boti inalala juu ya maji na lita kwa kilomita zinashuka tena, mpaka ukaribie resi ya mwisho zinapopanda kwa kasi. Kwa resi ya mwisho, kanuni ya zamani ya mabaharia ni kwamba injini hula karibu lita 3.8 kwa saa kwa kila HP 10. Za zamani za kuchanganya oili huzidi hapo. HP 40 kwa hesabu hiyo ni kama lita 15 kwa saa na kuendelea. Ukipata 6 kwenye resi ya mwisho, kuna mahali umekosea kupima.

Namba za watengenezaji zisikusumbue. Wanapima kwa boti nyepesi, na mara nyingi usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Hiyo ni karibu asilimia 7 au 8 umeiacha Dar.

10. Sahihisha geji au skrini yako.

Kama una kifaa kinachohesabu mtiririko wa mafuta, usikitupe na usikiamini. Linganisha. Skrini ikisema umetumia lita 41 na pampu ikasema 46, gawanya 46 kwa 41: unapata 1.12. Vifaa vingi vina sehemu ya kuingiza marekebisho hayo kwenye menyu. Kama chako hakina, andika 1.12 kwa rangi pembeni ya skrini na uzidishe kichwani. Rudia ulinganisho kwa mijazo mitatu kabla ya kubadilisha chochote.

Zile boti maalumu za kuvutia wachezaji zinazotengenezwa Marekani, zenye injini ndani na matangi ya maji ya kuongeza uzito ili wimbi liwe kubwa, kwa kawaida hazina kipimo cha mtiririko kabisa. Kompyuta ya injini inajua nozeli za kupulizia mafuta zimefunguka muda gani, inakadiria lita. Kadirio hilo huwa zuri nozeli zikiwa safi, na huharibika kimyakimya zikichafuka. Dawa ni ileile: pampu dhidi ya skrini, mjazo kwa mjazo. Na ukijaza yale matangi ya maji, huo ni mzigo. Uandike kama unavyoandika abiria.

11. Tumia namba kupanga safari.

Chukua Kigoma hadi Kasekela ndani ya Hifadhi ya Gombe. Mpaka wa kusini wa hifadhi uko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, na Kasekela iko mbele zaidi. GPS yangu husoma kati ya 24 na 26 kutegemea nilivyokata kona. Chukua 25. Kwa lita 0.53 kwa kilomita, kwenda ni lita 13.3. Kanuni ya mabaharia ni theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Kwa hiyo unaondoka na lita 40. Wako watakaokuambia 27 zinatosha. Zinatosha siku ambayo ziwa limelala, hakuna mgeni aliyesahau kamera, na hakuna mtumbwi wa kuokoa njiani.

Kwa Hifadhi ya Mahale mambo hubadilika. Ni zaidi ya kilomita 120 kusini, na kanuni ya theluthi itakudai karibu lita 200. Petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74 kwa lita. Hizo ni kama kilo 148, watu wazima wawili. Kwa hiyo namba uliyoipata ukiwa mtupu haitafaa. Fanya mjazo wa majaribio ukiwa na mzigo huo ndani kabla hujaahidi mtu bei.

Bei nayo: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Kigoma ikiwa na yake. Andika lita daftarini, shilingi zikae safu ya pembeni. Anayepima mafuta kwa shilingi ("leo nimekula ya elfu tisini") akifika mwezi wa sita hawezi kujua kama boti imebadilika au bei.

MAMBO YAKIKATAA

Lita kwa kilomita zimepanda ghafla. Anza na vitu vya bure. Tazama propela kama imegonga jiwe na kupinda. Pangusa chini ya boti; utelezi wa kijani wa wiki tatu majini unatosha kuishika. Toa maji ya sakafuni: lita 70 za maji ni abiria mmoja asiyelipa nauli. Ndipo uangalie choki kama imekwama, plagi kama ni nyeusi na zimelowa, na mpira wa mafuta kama unatoa jasho kwenye viungio. Ukinusa petroli ndani ya boti usiwashe kitu chochote mpaka ujue inatoka wapi.

Lita zimeshuka mno, furaha tele. Usisherehekee. Mara nyingi mjazo uliopita ulijazwa kupita alama, au boti ilikuwa imelala upande ulipojaza sasa hivyo hewa ikabaki ndani ya tangi. Kama ni hewa, mjazo unaofuata utapanda na kulipa deni; kama ni kupita alama, deni lililipwa mjazo uliopita. Jumlisha miwili pamoja, utaona imekaa sawa.

Mafuta yanarudi juu au yanamwagika wakati wa kujaza tangi halijajaa. Tundu la hewa limeziba, aghalabu kwa tope au utando wa buibui. Tangi hilohilo litakunyima mafuta ukiwa katikati ya ziwa, injini itazima kama vile yameisha. Kwa matangi ya kubeba, sababu ya kwanza ni skrubu ya hewa juu ya kifuniko ambayo hukuifungua. Imemtokea kila mtu.

Injini imezima na kijiti kinaonyesha lita 8. Mpira wa kunyonya ndani ya tangi haufiki chini kabisa, na kwenye mawimbi unavuta hewa mapema zaidi. Pima lita ngapi hubaki injini inapozima, ukiwa karibu na ufuko na tangi la pili liko tayari. Lita hizo ziondoe kwenye hesabu ya safari milele. Ni za tangi, si zako.

Skrini inasoma sifuri au inarukaruka. Kigurudumu kidogo cha kipimo kimeshikwa na uchafu, au hewa inaingia kwenye mpira. Badilisha chujio, bana viungio, jaribu tena. Kwenye sailensa vipimo vya aina hii husoma vibaya hata vikiwa vizima, maana mafuta yanayopita ni kidogo mno kuzungusha kigurudumu.

Namba hazitulii hata baada ya mijazo minane, na nahodha si wewe. Hili ndilo swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini. Ndiyo, mafuta huuzwa njiani wakati mwingine. Lakini nimeshaona mwenye boti akimfukuza kijana mwaminifu kwa sababu ya dumu lisilochorwa mstari. Kabla ya kumwita mtu mwizi, panda boti mwenyewe mijazo mitatu, kazi zilezile, mzigo uleule. Namba zikifanana na zake, shida iko kwenye boti au kwenye vyombo. Zikiwa chini sana kuliko zake, tumbukizeni kijiti pamoja kabla ya kutoka na mkirudi, nyote wawili mkiangalia, na kila mmoja atie sahihi kwenye mstari wake wa daftari.